Kuongoza na Kuacha

Wako watu wanaodhani kuwa mchezo ni haki ya watoto peke yao, na kwamba mtu akiota ndevu imempasa kuuacha kama alivyoziacha nguo zilizombana. Watu wa fikira hiyo wangepita Lodwar, mji mkuu wa Turkana, saa za jua kali, wangepata la kuwashangaza. Chini ya migunga huketi wazee, kila mmoja juu ya kigoda chake cha mti, kile ambacho Waturkana hukiita ekicholong, na ambacho usiku hugeuka kuwa mto wa kichwa. Mbele yao mna safu za mashimo yaliyochimbwa mchangani, na kokoto zinagawanywa shimo kwa shimo. Mchezo huo ni ndugu wa bao la Pwani na wa ajua ya Wajaluo. Hauna ubao wala kitabu cha sheria. Upepo wa usiku huufuta, na kesho yake huchimbwa tena.

Siku moja niliomba nafasi, nikapewa. Mzee aliyeketi mbele yangu hakunieleza neno. Nilijua bao kidogo, nikadhani nitaweza kujitetea. Akanifunga mara tatu, na mara ya tatu upesi kuliko zote. Mara ya nne, nilipokuwa napeleka mkono kwenye shimo moja, mzee alikohoa. Hakuwa mgonjwa wa kifua. Nikaurudisha mkono, nikatazama tena, nikaona jinsi shimo lile lingeninyang'anya kokoto zangu zote za upande wa kulia. Nikacheza pengine. Nilifungwa pia, lakini safari hii nilifungwa polepole, na sababu yake niliijua. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya ualimu, na sikumbuki kimoja kilichonifunza kama kikohozi kile.

Naleta habari hii kwa sababu kuna namna ya michezo ya kompyuta na simu ambayo swali lake kubwa ni hilo hilo: mwenye mchezo akohoe lini, na anyamaze lini? Waingereza huiita kwa jina la sanduku la mchanga, lile ambalo watoto wa Ulaya huwekewa uani ili wachimbe na kujenga wapendavyo. Mtoto wa Turkana hana haja ya sanduku. Mchanga wake hauna ukingo. Katika mchezo wa namna hiyo mchezaji hapewi njia moja ya kufuata tangu mwanzo hata mwisho. Hupewa nchi. Nchi hiyo ina milima, maji, hatari na vifaa, tena ina kanuni zake, na yeye huchagua aende wapi na afanye nini. Wengi wa wachezaji wake ni watu wazima, wenye kazi na watoto, ambao huuendea mchezo usiku shughuli zao zikiisha.

Msomaji aweza kusema kuwa swali hili ni la mafundi, wala si la wenye kufikiri juu ya mema na maovu. Sikubali. Mtu aliyeumba nchi akamwingiza mwenzake ndani yake ana mamlaka juu ya saa za mwenzake, na juu ya furaha yake ya kugundua. Penye mamlaka pana haki na dhuluma, hata kama nchi yenyewe ni ya picha tu.

Mjapani Shigeru Miyamoto, alipokuwa mtoto, alizoea kuzurura katika vilima na misitu ya Sonobe, karibu na mji wa Kyoto, na humo alikuta pango, akaja kulichunguza kwa taa. Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ilitoa mchezo ambao yeye na wenzake waliusanifu, The Legend of Zelda. Mchezo huo unaanza katikati ya uwanja. Njia ni tatu, na hakuna sauti inayosema pita huku. Lakini papo hapo, mahali ambapo jicho haliwezi kukosa kutua, pana mlango mweusi wa pango, na mwenye kuingia humkuta mzee anayempa upanga. Basi, ni hayo tu. Asiyetaka kuingia haingii. Aenda zake mikono mitupu, akakione cha mtema kuni.

Minecraft, mchezo ulioanzishwa na Msweden Markus Persson na kutolewa rasmi mwaka 2011, ulikuwa mkimya zaidi. Katika siku zake za mwanzo mchezaji alijikuta nyikani mchana, bila kuambiwa hata kwamba mti wa nchi ile hukatwa kwa mkono. Kisha usiku ukaingia na viumbe wabaya wakatoka. Wengi waliangamia usiku wa kwanza. Waliosalia walisimuliana na kuandikiana, na mafundisho ambayo mchezo haukuyatoa yakatoka kwa wachezaji wenyewe. Lakini tangu mwaka 2012 Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, limeutumia mchezo huo kuwapa raia wa miji mbalimbali nafasi ya kusanifu viwanja vya mitaa yao, na huko haifai kumwacha mama wa mtaani aangamie usiku wa kwanza ili ajifunze. Yeye amekuja kusema neno juu ya uwanja wa watoto wake. Sharti ashikishwe chombo kwanza.

Swali hili lilinijia karibu zaidi huko Kakuma. Kakuma iko kaskazini-magharibi ya Lodwar, mwendo wa kilomita 120 hivi, na tangu mwaka 1992 ina kambi ya wakimbizi waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Huko anaishi kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa hutunga michezo ya kompyuta na simu. Mchezo wake una nchi inayofanana na nchi yao. Mchezaji ni mchungaji mwenye mbuzi ishirini wakati wa kiangazi. Sharti avuke kutoka laga moja hadi nyingine, na njia, malisho na mahali pa kuchimba maji achague mwenyewe. Kwa msomaji asiyeijua nchi ile, laga ni mto wa mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka huwa mkavu, lakini chini ya mchanga maji hukaa, na wachungaji huchimba visima kuyafikia.

Safari ya kwanza kijana hakumwambia mchezaji lolote. Aliwaita majirani watano, watu wazima wote, wakajaribu. Mbuzi wakafa kwa kiu. Wakajaribu tena, mbuzi wakafa tena. Mmoja wao, fundi cherehani aliyetoka Kongo, aliiweka simu chini akasema kwa adabu kwamba ana suruali ya watu ya kumaliza. Kijana aliudhika, akasema watu hawana subira.

Safari ya pili aliweka juu ya kioo mshale mwekundu ulioelekea majini daima. Majirani wakafika wote, wala hakufa mbuzi hata mmoja. Alipowauliza wameuonaje mchezo, walisema ni mzuri. Alipowauliza kando ya laga ya pili palikuwa na miti gani, hakuna aliyejua. Walikuwa wametazama mshale.

"Mwalimu," aliniambia, "nimewatembeza nchi nzima, na hawakuiona."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Mshale ule ulikuwa na dharau ndani yake, ijapokuwa uliwekwa kwa huruma. Mtu aliyelea watoto, aliyevuka mpaka na mzigo kichwani, ukimshika mkono na kumwonyesha kila hatua, umemwambia bila maneno kwamba huamini kuwa ana macho. Aweza kukushukuru, maana watu wazima wana adabu, lakini hatarudi. Wala ukimya wa safari ya kwanza haukuwa heshima. Kijana alijua maji yaliko kwa kuwa ndiye aliyeyaweka. Ni rahisi kuiona njia uliyoichora mwenyewe. Na mwenye kutunga kitendawili ndiye wa mwisho kujua kama kinateguka. Nami niliyesimama darasani miaka mingi naijua dhambi hiyo. Mara nyingi nimewaita wanafunzi wavivu kwa kutoona jambo ambalo mimi mwenyewe nilionyeshwa na mwingine, nikasahau kwamba nilionyeshwa.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii aghalabu husemwa kwa kutisha: mama hufunza mapema na kwa upole, ulimwengu hufunza baadaye na kwa fimbo. Lakini mtunga mchezo yuko mahali pa ajabu, kwa kuwa yeye ni mama, na ulimwengu pia ni yeye. Jua linaloua mbuzi ni lake. Sauti inayoonya juu ya jua ni yake vilevile. Hawezi basi kujitetea kwa kusema kwamba ulimwengu ndio mkali, maana ukali ule aliutia yeye. Wala hana haki ya kujisifu kwa upole, maana hatari anayomwokoa mtu nayo aliiweka njiani kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna jibu jepesi ambalo watu wengi wangelitoa hapa: achukue katikati, mshale nusu na ukimya nusu. Sioni faida ya jibu hilo. Mshale unaowaka na kuzimika ni mshale tu, na mtu atangoja uwake. Mimi naona kwamba jambo la kutafuta si kiasi cha maneno. Ni mahali ambapo maneno yatakaa. Nilimwuliza kijana: mjomba wako, ambaye amechunga maisha yake yote, hujuaje maji yaliko? Yeye hana mshale. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Msitari wa miti ya kijani huonyesha laga ilipo kabla hujaiona. Mikoma huota palipo na maji chini. Nyayo za punda zikikutana kutoka pande mbalimbali, zina jambo. Boma dogo la miiba katikati ya mchanga ni kisima cha mtu. Na ndege wa jangwani, firigogo, wakipita makundi makundi kwa mwelekeo mmoja, wanakwenda kunywa.

"Basi hayo yote yatie mchezoni," nikamwambia, "na uuondoe mshale."

Akayatia. Ilimchukua majuma mengi, maana kuchora nyayo za punda ni kazi kubwa kuliko kuchora mshale. Katika safari hiyo ya tatu majirani watatu walifika, wawili hawakufika. Na wale wawili, walipoambiwa kwamba ndege walipita juu ya vichwa vyao, walijipiga paja wakacheka, wakaomba kurudia. Fundi cherehani alikuwa mmoja wao. Nadhani hapo ndipo haki ya mchezo ilipo. Taabu ni ya haki ikiwa alama zake zimo ndani ya nchi yenyewe, mahali ambapo mtu makini angaliweza kuziona kabla ya kuumia. Aliyeshindwa kwa namna hiyo hujilaumu kwa furaha. Aliyeshindwa pasipo alama humlaumu mtunga mchezo, na anayo haki.

Tulikosana juu ya mafuriko. Laga huweza kujaa ghafla wala hapo ulipo halijaanguka tone. Mvua imenyesha milimani mbali, na maji huja kwa kishindo yakizoa miti na wanyama. Kijana aliyatia mchezoni kama yalivyo. Mchezaji yumo lagani, anga ni buluu, anachimba kisima chake. Mara maji yamemchukua yeye na mbuzi wake. Nikasema hapo pana dhuluma. Akasema hapana, ndivyo ilivyo, na watu wamekufa hivyo kweli. Nikamjibu kwamba mtoto wa Turkana hafi kwanza ili aje aijue laga, huambiwa. Ishara ipo, ni wingu jeusi juu ya milima, lakini mgeni hawezi kuliunganisha wingu la kule na mchanga mkavu wa hapa mpaka mtu amfungulie maana. Ziko alama zinazosomeka kwa macho, na ziko zinazohitaji mwenyeji.

Akanipa hoja ambayo nilikiri ni nzuri. "Mwalimu, huu ni mchezo. Hakuna anayekufa. Akichukuliwa na maji, aanze upya, na hatasahau." Ni kweli kwamba mchezo umepewa neema ambayo maisha hayana: makosa yake hayaui, na kwa hiyo waweza kumwacha mtu akosee zaidi ya vile ambavyo ungethubutu nje. Mzee wa Lodwar aliniacha nifungwe mara tatu kwa sababu kokoto ni kokoto. Lakini mbuzi wa picha si hasara ya pekee hapa. Yule fundi cherehani ana saa moja ya kupumzika, baada ya kazi na kabla ya usingizi, na simu yake ameilipia chaji. Ukimchukulia mwendo wa saa nzima kwa jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua, umemchukulia kitu cha kweli, ijapokuwa mto ulikuwa wa uongo. Mtoto ana alasiri nyingi za kupoteza. Mtu mzima anazo chache, na amekuletea moja.

Tukapatana hivi: penye kisima cha kwanza ataketi mama mzee akinywesha punda wake, na katika mazungumzo mengine atasema mara moja tu kwamba milima ikivaa wingu, watu hawalali lagani. Hatarudia. Mchezaji asiyesimama kumsalimu mama huyo hatalisikia neno hilo. Katika hili nilimkubalia kijana wangu pasipo shaka. Mgeni apitaye kisimani bila kusalimu amejinyima mwenyewe, na maji yakimchukua, na yamchukue.

Msomaji asidhani kuwa naulinganisha uhai wa watu na mchezo. Lakini Kakuma penyewe ni mahali ambapo swali hili huulizwa bila mchezo wowote. Kwa miaka mingi mkimbizi alipimiwa chakula, akapewa, wala hakuulizwa apenda nini. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha mpango wa Bamba Chakula, ambao sehemu ya posho ilikuja kwa simu, na mama akaweza kuchagua dukani kati ya unga na mchele. Mwaka 2016 yakafunguliwa makazi ya Kalobeyei, karibu na hapo, kwa nia kwamba wageni na wenyeji waishi pamoja na wapate kujitegemea. Hapana shaka mna heshima katika kumwachia mtu mzima achague chakula chake mwenyewe. Hata hivyo, mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, posho ilikatwa sana, na uchungu ukajaa. Mtu asiye na akiba wala shamba, ambaye hata kusafiri kwake kwahitaji kibali, ukimwambia ajitegemee, hujamheshimu. Umemwacha, kisha umeupa uachaji wako jina zuri. Ndiyo safari ya kwanza ya mchezo wa kijana wangu, isipokuwa hapa mwenye kiu ni mtu.

Kuna mama mmoja ambaye naona aliupata uwiano huu bila kusoma insha ya mtu. Lual Mayen alizaliwa jamaa zake wakiikimbia vita katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipotamani kompyuta, mama yake alidunduliza miaka mitatu hata akapata dola 300, akamnunulia. Kijana alitembea mwendo wa saa tatu kwenda kuitia chaji. Akajifundisha kutunga programu, na mwishowe akatunga mchezo uitwao Salaam, unaomweka mchezaji mahali pa mkimbizi anayekimbia vita. Baadaye alihamia Marekani akaanzisha kampuni yake, na mwaka 2018 alitunukiwa katika sherehe za The Game Awards. Mama yake alimpa chombo, kile ambacho mwenyewe asingeweza kukipata kwa juhudi yoyote. Mengine yote aliyaacha ayatafute kwa miguu yake.

Nimebakiza habari moja ya Kakuma. Mchezo ulipokuwa karibu kukamilika, kijana alimwita mjomba wake, yule mchungaji, aujaribu. Mzee hakuwa amewahi kucheza kitu cha namna hiyo, akafundishwa kusukuma kidole juu ya kioo. Alisimama kwa mama wa kisimani akamsalimu kwa kirefu, jambo ambalo mchezo haukulitazamia. Alizikuta nyayo za punda, akazifuata. Aliwapita ndege bila kuwatazama. Alifika laga ya pili na mbuzi wote ishirini.

Kijana akamwuliza kwa nini hakuwafuata ndege, maana wangemfikisha mapema.

"Ndege wale ni waongo," mzee akasema. "Umewapitisha adhuhuri. Firigogo hawa wa kwetu huenda majini asubuhi. Nilipowaona nikajua kuna mtu amewatuma."

Tulinyamaza wote wawili. Mzee akarudisha simu, akachukua ekicholong yake, akaenda kuwatazama mbuzi wake wa kweli. Kijana akafungua kompyuta, akaanza kuisogeza saa ya ndege.